Historia ya Kaka Aliyesubiri Pigo la Pili

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma mdogo wa marehemu, yule aliyezunguka nchi nyingi na kurudi na mabegi matupu, awasomee maisha ya kaka yake, maana wenye akili wote wanalia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yao, fundi redio, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1986 akahitimu fizikia chuo kikuu, mwaka uleule mdogo wake alipofukuzwa chuo.

Mwaka 1990 aliajiriwa kituo cha uchunguzi wa anga, akakabidhiwa nyota moja, nyota iliyokufa zamani, ndogo kama mji na nzito kuliko jua, inayozungukana na nyota mwenzake na kumnyonya gesi, na gesi hiyo ikiiangukia hutoa eksirei zinazopanda na kushuka, hutulia, kisha hulipuka ghafla, naye alizoea kutuonya mezani kwamba ikinyamaza ndipo inapokusanya nguvu ya kulipuka.

Tarehe 15 Agosti 1992 alimwoa mwalimu wa hisabati, wakajaliwa mabinti wawili, walioiita nyota ile mama mdogo, na mama yao hakucheka.

Kazini walikuwa na desturi yao, mruko ukionekana mara moja tu kwenye vipimo huitwa kelele za mtambo na kufutwa, ukirudi ndipo huaminiwa, kwa hiyo Januari mwaka huu, alipobanwa na kifua kwenye ngazi za ofisi, shemeji, mkewe, akamsihi nyumbani, baba watoto, twende hospitali, alijibu kwa mzaha kwamba hizo ni kelele za mtambo, tungoje zirudi.

Kifua kikatulia wiki kadhaa, shemeji akasema kimya kile hakipendi, akamkumbusha onyo lake la mezani, akaambiwa, mwalimu, usichanganye masomo. Pigo la pili lilikuja asubuhi ya tarehe 3 Machi, akiwa mbele ya skrini, wala halikumpa nafasi ya kuliamini.

Tunawashukuru madaktari waliompokea akiwa ameshatutoka, majirani walioleta viti, na wenzake wa kazini, waliotuambia jana kwamba nyota imenyamaza, nao hawajapata kuiona kimya hivyo.

Juzi, akipanga viti hivyo, mdogo wa marehemu naye alibanwa na kifua, mara moja tu, akajifanya anakohoa, lakini shemeji alimwona, amemshika mkono hata sasa anaposoma, na tukitoka makaburini ni hospitali moja kwa moja.

Pumzika kwa amani, kaka, huku hatungoji la pili.