Mama Regina na Kijichupa Kisichoganda

Bi. Regina Wawira, mhudumu wa maabara, anastaafu tarehe 27 Novemba 1998 baada ya kuitumikia shule yetu hapa Nkubu kwa miaka ishirini na saba. Sisi wa Klabu ya Sayansi tumeombwa tuandike habari zake katika ratiba ya sherehe hii.

Alifika kutoka Siakago mwaka 1971 akiwa na cheti cha darasa la saba. Wakati huo maabara ilikuwa stoo ya majembe yenye meza mbili. Alijifunza kazi kwa kusoma karatasi zinazokuja ndani ya maboksi ya kemikali, mpaka mstari wa mwisho. Karatasi hizo amezihifadhi katika mikebe ya biskuti.

Mwanafunzi aliyevunja gilasi hakupelekwa kwa mwalimu mkuu. Alikuja Jumamosi kuosha vyombo pamoja na Mama Regina huku akielezwa kila chombo kina kazi gani. Inasemekana wengine walivunja makusudi.

Lakini sisi tutamkumbuka zaidi kwa jambo la mwaka jana. Mukiri, aliyesoma hapa na sasa yuko chuo kikuu, alituletea kijichupa kimoja cha fosfatasi ya binadamu. Hiki ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, nacho hutumiwa katika utafiti. Hakikutolewa kwa mtu. Bakteria walipewa jeni ya binadamu, nao wakakitengeneza. Kikiwa kizima, hugeuza maji fulani yasiyo na rangi yakawa ya manjano. Tulitaka kupima kama majani ya muarubaini yanakizuia kufanya kazi, kisha twende mashindano ya sayansi ya mkoa mjini Embu.

Friji ya shule haikuwa na baridi ya kutosha. Mama Regina akaenda Majengo kwa Mbarak, muuza nyama mwenye friza kubwa. Mbarak alipoona neno "binadamu" alirudi nyuma hatua mbili.

"Mama Regina, unataka kumlaza mtu na mbuzi zangu?"

"Hakuna mtu hapa, Mbarak. Ni bakteria waliofundishwa kazi."

"Basi wafunge vizuri. Wateja wangu wana macho."

Kikafungwa ndani ya mkebe ulioandikwa kwa wino mwekundu: SI NYAMA.

Siku moja kabla ya safari, Mama Regina alikileta ndani ya thamosi yenye barafu na chumvi. Mwalimu Rwamba, mwalimu wetu wa kemia, alikiinamisha, na kilichomo kikatiririka.

"Kimeyeyuka. Hiki kimekufa," alisema. Akaagiza kimwagwe na jina la shule liondolewe mashindanoni. Tulikuwa tumejiandaa muhula mzima, na hakukuwa na kijichupa kingine. Wawili wetu walilia.

"Mwalimu, nyama ya Mbarak ilikuwa ngumu kama jiwe," alisema Mama Regina. "Nipe tone moja tu kabla hujamwaga."

"Mama, wewe umeona vimeng'enya vingapi?"

"Hiki tu. Lakini karatasi yake nimeisoma."

Akaitoa mfukoni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilieleza kwamba nusu ya kilichomo ni gliserini, kwa hiyo hakigandi ndani ya friza, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Sote tulikuwa tumeishia ukurasa wa kwanza. Tone likatiwa ndani ya yale maji yasiyo na rangi. Tulingoja dakika kumi, kisha maji yakaanza kuwa ya manjano, kidogo, halafu sana. Mwalimu Rwamba aliinuka akampa Mama Regina kiti chake. Ni mwalimu mwenyewe aliyetuomba tusiliache jambo hili tunapoandika.

Embu tulikuwa wa tatu. Mwamuzi alipouliza ni nani aliyetunza kimeng'enya, tulimwonyesha mama aliyekaa nyuma kabisa, amepakata thamosi.

Matone machache yaliyobaki bado yako Majengo. Mbarak anasema hatampa mtu mkebe wake mpaka aone mwandiko wa Mama Regina. Wiki iliyopita Mama Regina alituandikia barua ya kumwonyesha Mbarak, akatukabidhi na karatasi zake zote. Tumegawana, kila mmoja mkebe mmoja wa biskuti.

Asante, Mama Regina, kwa Jumamosi zote zile. Mvua ikupate vizuri huko Siakago, ndengu zako zijaze ghala, na miguu iliyosimama miaka yote hii ipate kupumzika. Sisi tumeshaanza kusoma, na tutafika mstari wa mwisho.