Yai Linaloelea

Sogeeni wanangu, Feliksi, Jeremia, nawe Rozalia kaa hapa ninapoweza kukushika mkono, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni.

Nyumba hii ya Gungu ni yenu wote watatu, hilo halina mjadala. Ninalotaka kusema ni kuhusu yale mabwawa ya chumvi huko nyuma, tunamofugia vijikamba, vile vidogo kama uduvi, vya kulisha vifaranga vya samaki. Jana niliwasikia barazani. Feliksi ukasema una kazi bandarini, Jeremia una bajaji yako, halafu mkasema kwa pamoja, “Rozalia si yupo, ndiye anayeyajua maji.” Moyo uliniuma, kwa sababu maneno hayo mliyasikia kwangu.

Anayajua, ndiyo. Akishatia chumvi ya Uvinza huweka yai bichi majini. Likielea, vijikamba vitaishi. Likizama, chumvi imepungua, na wadudu wa maji wataingia wavimalize. Vikigeuka vyekundu na kupanda juu, hewa imeviishia, maji yakorogwe. Na mvua ikinyesha, mabwawa yafunikwe upesi, hata kama ni saa ya misa. Tangu mama yenu Melania afariki, kazi hiyo ni ya nani? Yake peke yake!

Erasto wa Mwamgongo alikuja kumposa, kijana wa watu mwenye adabu zake. Nikamwambia subiri mvua zipite, maji yatatuharibikia. Mwaka uliofuata nikamwambia vilevile. Jamani, mvua ya Kigoma hupita ikaenda wapi? Akaacha kuja. Nilijua ninachofanya, Rozalia mwanangu, na bado nilikula nikashiba, nikalala usingizi. Naona haya kukutazama.

Sasa sikilizeni. Mabwawa nawapa nyinyi wanaume wawili, mjifunze kwake, au myafukie mpande mihogo. Rozalia simpi hata tone. Erasto nasikia hajaoa. Kama bado unamtaka, nenda. Kama humtaki, nenda unakotaka, na ndugu zako wakusindikize kwa heshima. Mungu awabariki, awape... ngojeni nipumue... awape watoto, na awape huruma zaidi kwa watoto hao kuliko niliyokuwa nayo mimi.

Hiyo si mvua juu ya bati? Feliksi... Jeremia... turubai. Mbona mnamtazama dada yenu?

Rozalia, unainuka kwenda wapi? Kaa, mama. Usiniachie mkono. Acha mvua iingie mabwawani.