Mama Rudia Akabidhi Funguo za Jokofu la Histoni

Baada ya miaka thelathini na moja katika maabara yetu, mkemia mwandamizi tunayemwita Mama Rudia anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo amelichuma mwenyewe: hakuna aliyempelekea jibu zuri asiambiwe, "Rudia, mwanangu." Mumewe anasema hata nyumbani chumvi huonjwa mara mbili.

Kazi yake ilikuwa histoni, protini ambazo DNA hujizungushia kama uzi kwenye kijiti. Juu ya histoni hizo hukaa alama ndogo za kikemikali. Nyingine huruhusu jeni isomwe, nyingine huinyamazisha. Ili kuziona, watafiti hutumia kingamwili, molekuli inayonata kwenye alama moja tu. Tatizo ni kwamba baadhi ya kingamwili hunata hadi kwenye alama jirani. Kwa hiyo Mama Rudia alijenga histoni zake kipande kwa kipande, kila moja na alama yake mahali panapojulikana, akazifungia kwenye jokofu la kona ziwe kipimo cha kila kingamwili inayonunuliwa.

Miaka tisa iliyopita kipimo hicho kiliharibu sherehe. Mwanafunzi wake wa uzamivu alikuwa amebakiza kuwasilisha tasnifu kuhusu jeni inayozimwa kwenye seli za ini. Mama Rudia akaipima kingamwili aliyoitumia mwanafunzi huyo: ikanata pawili. Tasnifu ikachelewa mwaka mzima. Binti akanuna, akahama meza yetu ya chai. Aliporudia kwa kingamwili safi, aligundua kuwa jeni ilizimwa kweli, ila kwa alama nyingine kabisa. Akarudi mezani.

Leo binti huyo ni mtafiti mwenzetu na mrithi wa jokofu. Mwezi uliopita, makala ya mwisho ya Mama Rudia, aliyotaka iwe ya kuagia, ilikuwa tayari kutumwa. Mrithi akaichukua kingamwili iliyotumika, akaipima kimyakimya. Pawili. Lilikuwa fungu jipya kutoka kiwandani, na kwa haraka ya kumaliza, Mama Rudia mwenyewe hakulipima.

Mkuki kwa nguruwe, tulidhani, tukasubiri. Mama Rudia akaitazama picha ya matokeo, akafuta miwani, akaitazama tena.

"Rudia, mama," akasema mrithi wake.

Mama Rudia akacheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akatoa funguo mfukoni akamkabidhi palepale, kabla hata ya sherehe hii ya kumuaga kupangwa. Makala haikutumwa. Anaondoka bila hiyo, na ikitoka, jina la mrithi litatangulia; ameomba hivyo mwenyewe.

Asante, Mama Rudia, kwa mwaka ule na kwa mwezi uliopita. Tunakuombea afya na mapumziko marefu. Na huko nyumbani, chumvi ionje mara moja tu.