Mwalimu Severina na Kikombe cha Uji

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Severina Gasper wa Kitangari. Amefariki Jumapili, akiwa na miaka sitini na mbili. Alifundisha chekechea miaka thelathini. Wengi mnaonisikiliza, kalamu mlishikishwa na yeye.

Nilikuwa nimeandaa sifa tupu. Binti yake, Esther, akanipigia simu: "Kaka, usimpambe mama. Sema na lile la kikombe." Basi ninalisema, ingawa roho haijatulia.

Ilikuwa mwaka 2003. Darasani aliingia mtoto mgeni, Faridi. Mama yake muuza vitenge, baba yake Mwarabu wa Masasi. Saa ya uji, watoto wakakataa kikombe alichonywea Faridi. Mmoja akakitupa chini.

Mwalimu Severina akafoka. "Nani kawafundisha ujinga huu?"

Kisha Esther, kitinda mimba wake, miaka mitano tu, akajibu: "Si wewe, mama? Ulisema kule bombani. Chotara hana ukoo, usichangie naye kikombe."

Na kweli alisema, wasikilizaji. Alisema kwenye foleni ya maji, akicheka, na wenzake wakacheka. Kwake ule ulikuwa utani. Huku kwetu tumelelewa na utani. Mmakonde humrushia Myao maneno mazito, Myao humrudishia mazito zaidi, na siku ya msiba wanazikana. Lakini Esther, aliyekaa juu ya ndoo pembeni yake, alisikia tusi, akalibeba hivyo hivyo hadi darasani.

Kesho yake Faridi hakuja shule. Keshokutwa yake hakuja. Severina hakutulia. Akaenda nyumbani kwa kina Faridi kumwomba arudi.

"Mama Faridi, nisamehe. Ulikuwa utani tu."

Mama Faridi alikuwa anakunja vitenge, hakuacha. "Mwalimu, mtani wako akikutania unamrudishia. Mimi nikikurudishia, pale bombani nitachota maji?"

Severina alirudi nyumbani akilia barabara nzima. Wiki ile ile aliwaita wazazi shuleni, akaungama kosa lake mbele ya watoto wao. Kuna walionuna. Walisema mwalimu anawavua nguo, maana nao walicheka bombani. Faridi alirudi baada ya mwezi. Alirudi, ndiyo, lakini mwaka mzima alikaa karibu na mlango.

Ningependa kuishia hapo. Esther alikataa. Nanukuu maneno yake: "Juzi msibani Faridi alikuja kutoka Masasi na mkewe, kumzika mama. Mwanangu wa miaka minne akanivuta kanga, akasema, 'Mama, chotara huyo.' Faridi alisikia. Nikamuuliza mwanangu, neno hilo umelitoa wapi? Akaninyooshea kidole."

Pole sana, Esther. Poleni ukoo wote wa Mzee Gasper, na poleni mliofundishwa naye. Mungu amlaze mahali pema.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nina watoto wawili nyumbani. Leo nikifika nitawauliza wamesikia nini kinywani mwangu. Jibu naliogopa. Nanyi waulizeni wenu.