Kanga ya Naila Haina Jina

Kabla ya adhana ya alfajiri, Bi Zeyana aliamshwa na mkwaruzo wa mbuzi: mkwewe alikuwa akikuna nazi ili bibi asisafiri na njaa. Hata ndani ya basi la kutoka Bagamoyo kwenda Makumbusho alikuwa bado nusu usingizini.

Kwenye kiti cha mbele yake, binti aitwaye Naila alimwonyesha jirani yake, Mzee Abdulswamad muuza nguo, kanga aliyoichora kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo binti alikuwa akiipeleka kwenye kiwanda cha kanga; kama ingependwa, angeajiriwa. Maua ya mikoko yalielea kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba yamo majini.

"Mashallah! Na jina lake liko wapi?"

"Jina wataandika wenyewe, babu. Mimi nimesomea programu za kuchora, sikusomea mafumbo."

"Basi umechora, hujauza. Mwanamke husoma jina kwanza, maua baadaye."

"Wa siku hizi wanatazama rangi kwenye simu!"

"Wakishatazama, jirani mwenye maneno watamjibu kwa rangi?"

Bi Zeyana alijichekea ndani ya mtandio. Aliwahi kununua kanga kwa hasira, na rangi yake haikumbuki.

Naila alinuna, kisha akaandika neno, akalifuta, akaandika jingine. Mzee, huku akiendelea kubisha, alimshikia kompyuta isitikisike.

Basi likasimama, na mahali pa jina pangali patupu. Naila akaichukua kompyuta yake, akashuka haraka. Mzee akachungulia dirishani.

"Wakikukataa, njoo dukani kwangu Bagamoyo. Wakikukubali, njoo vilevile, tugombane tena."