Kanga ya Tunu, Kitenge cha Bibi Maximilla

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke Bibi Maximilla Niyonkuru wa Kibondo, aliyefariki wiki iliyopita. Bibi Maximilla alilea wajukuu kumi na mmoja. Leo tunamzungumzia mmoja tu, Recho, na mama yake Recho, ambaye alimwonea bibi huyu wivu mpaka akakosa usingizi.

Mama huyo ni Mwalimu Tunu, mzaliwa wa Tanga, mke wa Fidele, mtoto wa marehemu. Likizo ya uzazi ilipokwisha, bibi alihamia kwao Kasulu, Tunu anakofundisha, kumtunza Recho. Kila alfajiri Tunu alikamua maziwa kwa pampu. Bibi aliyaweka kwenye chupa yenye kifuniko, ndani ya beseni la maji ya mtungini, akamnywesha mtoto kwa kikombe.

Mambo yalikwenda vizuri. Hilo ndilo lililomuumiza Tunu. Akirudi jioni, Recho aligeuza shingo kumtafuta bibi.

"Maziwa yangu, shukrani zake," alimnung'unikia mumewe.

Juu ya hayo, kanga yake ya kulalia ikapotea, naye akamshuku bibi.

Wivu hauna adabu, wasikilizaji. Asubuhi moja Tunu aliifungia pampu kabatini. Hakukamua hata tone. Alitaka mtoto amkumbuke.

Saa nne bibi alifika shuleni kwa miguu. Recho alikuwa mgongoni, analia, amebebwa kwa kanga ileile.

"Mama, kumbe kanga yangu unayo wewe?"

"Ninayo, mwana wanje, mwanangu. Ina harufu yako. Nisipojifunga hii, huyu hataki kikombe. Haya, mnyonyeshe."

Hakuuliza kwa nini chupa ilikuwa tupu. Wala hakumwambia Fidele. Tunu alinyonyesha nyuma ya darasa la tatu, machozi yakimdondokea mtoto.

Je, wivu uliisha? Haukuisha. Tunu mwenyewe anatuambia ulipungua tu. Pampu aliirudia kesho yake, akakamua hadi Recho alipotimiza mwaka.

Sasa Recho ana mwaka na nusu. Tangu mazishi alikataa kulala, akimwita bibi. Siku ya nne Tunu alifungua begi la marehemu, akajifunga kitenge chake chenye harufu ya moshi wa kuni. Recho akaegemeza kichwa, akalala.

"Hata sasa namwonea wivu," anasema Tunu. "Lakini kitenge hicho sikifui."

Poleni Fidele, Tunu na ndugu wote wa Kibondo. Nawe msikilizaji uliyemwachia mtu mtoto, ukirudi leo ukakuta hataki kushuka mgongoni, usinune. Tazama kwanza mlezi amejifunga nini.