Kura ya Marehemu Bibi

Mwanao akikuaga anaenda tuisheni, mama, usiridhike haraka. Jumamosi ile Hajira alikuwa kwenye pantoni ya Kigamboni, roho kwatu, bintiye kamwacha tuisheni Kariakoo tangu asubuhi. Nyuma yake vijana wawili wakawa wanabishana.

“Wimbo wa disko uleule kila wiki namba moja redioni. Nani anaupigia kura?”

“Sisi, braza. Tunaandikia kadi za kura kwenye disko toto la mchana, nimetoka huko sasa hivi. Kuna binti majina yamemwishia, anampigisha kura bibi yake marehemu, Somoe Chande wa Mtaa wa Sikukuu.”

“Marehemu naye anapenda disko?”

“Kukushinda wewe.”

Somoe Chande ni mama yake mzazi Hajira.

Pantoni ikagota Kigamboni, vijana wakashuka wakibishana. Hajira hakushuka. Alibaki kwenye benchi, arudi nayo mjini.